Saini ya Mlezi: Wajibu wa Serikali kwa Elimu ya Watoto Wasio na Makazi Mkoani Kigoma

 

Naomba niingie moja kwa moja kwenye jambo lililonileta. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 kinataka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na kinamtwika mzazi au mlezi jukumu la kuhakikisha mtoto anahudhuria mpaka amalize. Mtoto akitoroka masomo, mwalimu mkuu humwandikia mtendaji wa kata, mtendaji humwita mzazi, mzazi akikaidi hufikishwa mbele ya sheria. Utaratibu huu umejengwa juu ya dhana kwamba kila mtoto ana nyumba, na ndani ya nyumba hiyo yumo mtu mzima wa kuitwa. Kwa mtoto anayelala barazani mwa duka pale Mwanga, mjini Kigoma, hakuna wa kuitwa. Sheria ya shule humpita bila kumwona.

Lakini iko sheria nyingine inayomwona. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 16, inamtaja mtoto anayezurura bila makazi ya kudumu kuwa ni mtoto anayehitaji ulinzi na matunzo. Na kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliyemo ndani ya eneo lake, pamoja na kumsaidia na kumpatia pa kukaa mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayetafuta hifadhi. Kila mtoto, bila kuulizwa kabila, kijiji alichozaliwa, wala kama baba yake ni mkazi. Ninachokuja kusema ndicho hiki: mtoto asiye na mtu wa kumshika mkono kumpeleka shule tayari amepewa mlezi na sheria, na mlezi huyo ni halmashauri. Kinachokosekana ni mlezi huyo kufika shuleni, kujaza fomu na kutia saini.

Twendeni kwanza mwalo wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, alfajiri, katika siku za giza ambazo mwezi haupo. Mitumbwi inarudi kutoka ziwani baada ya usiku wa kuvua kwa taa, na kina mama wachuuzi wameshasimama majini na beseni zao. Kati ya mitumbwi na mchanga wanapita watoto, wengi wavulana, wa miaka 9, 11, 13. Mmoja anabeba ndoo za dagaa, mwingine anakumba maji yaliyoingia chomboni, mwingine anakunjua wavu. Jua likichomoza wanaanika dagaa, wanawageuza, wanafukuza kunguru. Malipo ni kopo la dagaa. Mtoto atamuuzia mama mmojawapo, naye atapata ya uji na chapati. Kengele ya shule inapogongwa huko juu, huyu ndiyo kwanza anajinyoosha ndani ya mtumbwi uliovutwa nchi kavu, chini ya turubai, alale. Mbalamwezi ikitoka uvuvi hupungua, na watoto haohao utawaona sokoni Mwanga au karibu na stesheni, wakibeba mizigo.

Si kila mtoto anayefanya kazi mwaloni hana makazi; wengi wana mama zao hapohapo Katonga au Ujiji, na jioni hurudi nyumbani. Nawazungumzia wale wasiorudi. Wapo waliotoka vijiji vya Uvinza, Buhigwe na Kasulu baada ya mzazi kufariki au kuolewa upya. Wapo waliofika kwa boti kutoka Burundi au Kongo. Wapo waliokimbia kipigo. Wapo ambao nyumba ipo na wenyewe wanaijua, ila wanajua pia kinachowangoja ndani yake. Mtoto wa namna hiyo ukimrudisha kwa nguvu ili hesabu ya mjini ipungue, wiki ijayo utamkuta mwalo mwingine.

Sasa chukueni mmoja wao, tuseme ana miaka 11, amewahi kufika darasa la tatu, na asubuhi moja ameamua mwenyewe kwenda shule. Watoto hawa huamua, jamani, tena mara nyingi kuliko tunavyodhani. Anasimama mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mwalimu anafungua daftari la usajili. Jina kamili? Anataja. Cheti cha kuzaliwa? Hana. Mzazi au mlezi ni nani, na namba yake ya simu? Kimya. Mtaa gani, mwenyekiti wako ni nani? Kimya. Ulisoma wapi? Anataja shule ya kijiji kimoja huko kusini mwa ziwa. Basi uhamisho wake unatakiwa upitie kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, ambako kila mwanafunzi ana namba yake, na shule ya kwanza ndiyo imwachie. Shule ya kwanza haijui aliko. Mwalimu anamtazama, anatazama daftari, anamwambia aje na mkubwa wake.

Simlaumu mwalimu huyo. Ana darasa lenye watoto kupita kiasi, ana mdhibiti ubora atakayekagua daftari lake, na fomu aliyopewa haina mahali pa kuandika kwamba mtoto huyu ni wa halmashauri. Mpeni fomu yenye nafasi hiyo, na mpeni jina na simu ya afisa mmoja atakayeitika akipigiwa, naye atamwandikisha mtoto asubuhi hiyohiyo. Najua walimu wa mkoa huu. Wapo ambao tayari wanawagawia watoto hawa uji wao.

Ufuko huu wa Tanganyika una historia ndefu ya watoto wasio na kwao, na lazima niipitie, maana imebeba mafunzo mawili. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya biashara ya watumwa, na miongoni mwa waliouzwa katika masoko ya pande hizi walikuwamo watoto wadogo waliotekwa ng'ambo ya ziwa. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walifika Ujiji mwaka 1879, na kazi mojawapo ya mwanzo waliyoifanya kando ya ziwa ilikuwa kuwakomboa watoto kwa fedha, kuwaweka katika nyumba za yatima na kuwafundisha. Yaani miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa shule za kizungu kando ya ziwa hili walikuwamo watoto ambao hakuna aliyejua wazazi wao.

Somo la kwanza lina jina la mtu. Adrien Atiman alizaliwa pande za mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa angali mdogo, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre hao walimnunua huko Algeria wakampeleka shule, kisha akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa hapa kwenye ufuko huuhuu, akawatibu watu wa ziwa hili mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni: ni miaka 67. Hospitali ya Dk. Atiman pale Sumbawanga imebeba jina lake. Mtoto asiye na ukoo, asiye na kijiji, asiye na karatasi yoyote, aliyesomeshwa na watu waliokubali kuwa walezi wake, aliwalipa watu ambao hata hawakumsomesha.

Somo la pili ni zito zaidi. Watoto wale waliokombolewa walitengwa na jamii, wakakulia katika vijiji vya misheni, wakaozeshwa humohumo, na njia ya kurudi kwa ndugu zao ikafungwa. Walipata kusoma, wakapoteza ukoo. Na msidhani hayo yamepita na karne ya 19. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto katika kanda ya ziwa Victoria na mikoa ya magharibi, kuanzia miaka ya 2007 na 2008, Serikali iliwakusanya watoto wenye ualbino katika shule zenye ulinzi: Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi, na hapa kwetu Kabanga, wilayani Kasulu. Tuseme ukweli wote: uamuzi ule uliokoa maisha. Shule ilifanywa nyumba kwa sababu nyumbani kulikuwa na panga. Nawaheshimu walimu na walezi wa Kabanga waliolala na watoto wale katika miaka ya hofu.

Lakini hifadhi ile ilikusudiwa kuwa ya muda, na muda ukawa miaka. Mabweni yalijaa kupita uwezo wake. Baadhi ya wazazi walikuja mara ya kwanza, wakaja mara ya pili, wakaacha kuja. Wapo watoto waliofika wakiwa wachanga wa umri, wakakua bila kujua sura za kaka na dada zao. Darasa lilikuwapo, chakula kilikuwapo, na bado mtoto aliuliza baba yake atakuja lini. Kwa hiyo nikisema Serikali iwe mlezi, msinielewe kwamba nataka kila wilaya ijenge jengo kubwa, iwarundike watoto humo na kufunga geti. Sheria ya Mtoto yenyewe inaitanguliza familia. Ipo njia ya familia ya kuaminika, ambapo kaya iliyochunguzwa na afisa ustawi wa jamii inamchukua mtoto na kumlea chini ya uangalizi. Waha wanajua kulea mtoto wa ndugu, Wamanyema wa Ujiji vilevile. Hakuna nyumba ya Kigoma ambayo haijawahi kulea mtoto asiyezaliwa humo. Kaya za namna hii zinahitaji kutafutwa, kupewa msaada wa sare na chakula, na kutembelewa. Makao yabaki kwa yule ambaye kwa sasa hana pengine pa kwenda.

Ndugu zangu, mkoa huu una ushahidi mwingine, tena wa karibu, kwamba kazi hii inawezekana. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kujazana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuko mwembamba uliobanwa na milima. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli ile iliyojengwa na Wajerumani, ilikwenda na kurudi ikiwaleta watu Kigoma, wakapokewa Uwanja wa Lake Tanganyika kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, na baadaye kambi za Nduta na Mtendeli. Kati yao walikuwamo watoto waliotengana na wazazi wao njiani. Katika zahama ile kulikuwa na utaratibu kwa ajili yao: mtoto aliyefika peke yake aliandikishwa kwa jina lake, alipewa mhudumu wa kesi, alitafutiwa familia ya kumlea kambini, ndugu zake walitafutwa, na akapelekwa darasani, hata kama darasa lenyewe lilikuwa chini ya mti. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtambulia mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi.

Madarasa yale yalikuwa na upungufu mkubwa, na watoto wa kambini wamesoma kwa mitaala ya nchi walikotoka, jambo lenye mjadala wake ambao leo siugusi. Ninachotaka mkitazame ni utaratibu. Mtoto wa Kirundi aliyeshuka peke yake mwaka ule alipata jina kwenye orodha na mtu wa kumfuatilia. Mtoto wa Kitanzania anayelala kwenye mtumbwi Kibirizi, umbali wa dakika chache kutoka gati ambako Liemba ilitia nanga, hana orodha yoyote aliyomo. Maofisa waliofanya kazi ile ni wa kwetu, wakishirikiana na mashirika. Ujuzi uko mkoani hapa. Tusingoje zahama nyingine ndipo tuutumie.

Mtu atasema Katiba imeshayamaliza haya. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kupata elimu, ni kweli, lakini imo katika sehemu ya malengo na misingi ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kutekelezwa kwa amri ya mahakama. Ndiyo maana naegemea Sheria ya Mtoto. Hiyo imeandika wajibu, na imemtaja mwenye wajibu.

Mwingine atasema tunayo elimu bila ada. Tunayo, na ni hatua kubwa. Sera hiyo inatekelezwa tangu Januari 2016, na shule ya msingi hupewa ruzuku kwa kila mwanafunzi. Lakini ruzuku inamfuata aliyekwisha kuandikishwa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, nao unawafikia maskini kupitia kaya, na mtoto asiye na kaya hayumo katika orodha ya kaya maskini, ingawa hakuna maskini kumzidi. Huyu anahitaji sare, daftari, sabuni, chakula cha mchana na mahali pa kulala anapoweza kuweka begi lake bila kuibiwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya neno ada.

Fedha zitatoka wapi? Nina jibu, na madiwani mlioko hapa mnalijua kuliko mimi. Halmashauri inatoza ushuru wa mazao ya uvuvi. Dagaa wanaotozwa ushuru ni walewale waliobebwa na watoto hawa kutoka mtumbwini mpaka mchangani. Sehemu ya ushuru huo ikitengewa kasma yake, yenye jina lake katika kitabu cha bajeti, itarudi kwa aliyeubeba mzigo. Sisemi iwe nyingi. Nasema iandikwe, ili mwananchi aweze kuuliza ilitumikaje.

Na nchi nyingine zimefanyaje? Marekani, yenye utajiri wote ule, ina watoto wengi wasio na makazi, na mwaka 1987 Bunge lake lilipitisha sheria ambayo leo hujulikana kwa majina ya McKinney na Vento. Sheria hiyo inaitaka shule impokee mtoto asiye na makazi papo hapo, hata kama hana vyeti wala kumbukumbu za shule alikotoka. Karatasi zitafutwe huku mtoto yuko darasani. Inampa haki ya kubaki katika shule yake hata akihama, na usafiri wa kumfikisha. Na inaitaka kila mamlaka ya elimu ya eneo iwe na ofisa maalumu wa watoto hawa. Hatuna mabasi ya kumfuata kila mtoto, hilo tuliache. Lakini kumpokea kwanza na kutafuta cheti baadaye hakugharimu chochote. Ofisa wa kutajwa kwa jina tunaye tayari: ni afisa ustawi wa jamii. Waraka mmoja unatosha.

Waraka huwa na nguvu, tumeiona. Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka Namba 2 wa kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, ambao kwa miaka mingi waliambiwa mlango umefungwa daima. Mlango ukafunguliwa kwa karatasi chache.

Kwa watoto waliokwisha kupitwa na umri, MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ipo. Ilianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 na ikaenea nchini wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ilipofanya vizuri iliwarudisha watoto katika mfumo rasmi, na ilipodorora ilidorora kwa sababu wawezeshaji waliishi kwa posho ndogo isiyofika kwa wakati. Naiombea irudi mwaloni ikiwa na mwalimu wa kuajiriwa na ratiba inayofuata ziwa. Siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi hupumzika, watoto wasome kutwa. Siku za giza yasomwe machache, saa za alasiri, mtoto akishalala. Vikundi vya BMU, yaani vya usimamizi wa uvuvi mialoni, ambavyo vinawafahamu wavuvi na vyombo vyao, vipewe jukumu la kutoa taarifa kwa mtendaji kila anapoonekana mtoto mgeni anayelala mwaloni. Utumikishaji wake ukomeshwe hatua kwa hatua, kila anayetolewa ndooni akiwa na pa kula na pa kulala. Ukimfukuza ufukweni kabla ya hapo umemnyima uji tu.

Wapo wanaoogopa kwamba tukiwasaidia watoto hawa, wengine watamiminika mjini. Hofu hii naiheshimu, maana wanaoitoa mara nyingi ni viongozi waliohangaika. Lakini mtoto wa kijiji cha Kalya hapandi boti usiku kwa sababu amesikia kuna daftari la bure Kigoma. Anapanda kwa sababu ya kilichotokea nyumbani jioni ile. Tukitaka wasije, kazi ianze huko: kamati za vijiji za MTAKUWWA, mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zikutane kweli, na mwalimu aone utoro wa wiki ya kwanza kuwa ni habari ya kupeleka mbele.

Na kwa kuwa ziwa hili ni la nchi nne, baadhi ya watoto hawa si raia. Kati ya Mei 15 na Agosti 15 mwaka 2024, Tanzania na majirani zake walisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Serikali zilikaa, zikapanga tarehe, zikakagua vyombo, na ziwa likatulia. Zilizoweza kukubaliana juu ya dagaa wachanga zinaweza kukubaliana juu ya mtoto anayekutwa ufukweni Kigoma na mama yake yuko Uvira, Kongo, au Rumonge, Burundi: nani aarifiwe, ndani ya siku ngapi, na asome wapi wakati anatafutiwa.

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, makarani wa Sensa waliwafuata waliolala nje na kuwahesabu palepale walipolala. Nawaomba Manispaa ya Kigoma/Ujiji na halmashauri zote za ufukweni zifanye hivyo tena kabla ya uandikishaji wa Januari. Afisa ustawi wa jamii, afisa elimu kata, mtu wa BMU na mwalimu mmoja, wafike Kibirizi, Katonga, stesheni na soko la Mwanga usiku, waketi na watoto, waandike majina. Kila jina lipate fomu ya darasa la kwanza, la MEMKWA au ya uhamisho. Na pale palipoandikwa mzazi au mlezi, afisa aandike jina la halmashauri, aweke namba ya simu ya ofisi yake, apige muhuri na atie saini.